UZI: Mzazi anayetetea kiti cha bodi ya shule jimbo la New York: saini, bajeti, mipaka na kiapo

MzaziKaskazini:

Wakuu, habari za humu. Uzi huu ni wa mzazi ambaye tayari ni mjumbe wa bodi ya shule katika jimbo la New York na sasa anatetea kiti chake. Wengi wanadhani aliyeko ndani ana njia ya mkato. Hana. Anajaza karatasi zilezile, anatafuta saini upya, na juu ya hapo anabeba mzigo ambao mpinzani wake hana: kila bajeti aliyoipigia kura, na mipaka ya madaraka ambayo wapiga kura wengi hawaijui.

Kwanza tujue tunazungumzia wapi. Wilaya nyingi za shule za vijijini, vitongojini na miji midogo huchagua bodi Jumanne ya tatu ya Mei, siku hiyohiyo wananchi wanapopigia kura bajeti ya shule. Mwaka 2026 ni tarehe 19 Mei. Miji mitano mikubwa, yaani New York City, Buffalo, Rochester, Syracuse na Yonkers, ina taratibu zake na wakazi wake hawapigii kura bajeti ya shule, kwa hiyo ndugu wa Buffalo asiyachukue maelezo ya humu kama yalivyo.

Muhula ni miaka 3, 4 au 5 kutegemea wilaya, na unaanza tarehe 1 Julai. Katika wilaya hizi kazi haina mshahara. Mgombea awe raia wa Marekani, ametimiza miaka 18, anajua kusoma na kuandika, na amekaa ndani ya wilaya mwaka mmoja mfululizo kabla ya uchaguzi. Asiwe mwajiriwa wa wilaya hiyo, wala asiishi nyumba moja na mwanafamilia ambaye ni mjumbe wa bodi hiyohiyo. Kuwa na mtoto shuleni hakumzuii mtu.

Wanaozijua hizi kazi karibuni muongeze. Nianze na swali linaloulizwa kuliko yote: saini ngapi, na zinakataliwa kwa sababu gani?

Karani_wa_Zamani:

Kwenye wilaya za kawaida (si za miji midogo) unahitaji saini 25 za wapiga kura halali wa wilaya, au asilimia 2 ya watu waliopiga kura katika uchaguzi wa mwaka uliotangulia, ile iliyo kubwa. Hapo watu hujikwaa: wanakariri 25 bila kupiga hesabu. Kama mwaka jana walipiga kura 1,840, asilimia 2 ni 36.8, maana yake unatakiwa kuwa na 37. Wilaya yenye wapiga kura chini ya 1,250 ndiyo inayobaki kwenye 25. Muulize karani wa wilaya idadi ya mwaka jana, naye atakuandikia.

Wilaya za miji midogo, mfano Utica, zinadai saini 100, na siku ya mwisho ni siku 20 kabla ya uchaguzi. Kwa 2026 ni Jumatano tarehe 29 Aprili.

Kwa wilaya za kawaida sheria inasema siku 30. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Jumanne ya tatu, siku ya 30 huangukia Jumapili kila mwaka, ndiyo maana makarani hutangaza Jumatatu inayofuata, saa 11 jioni. Kwa 2026 ni tarehe 20 Aprili. Saa 11 na dakika mbili karani hana ruhusa ya kupokea, hata kama mnafahamiana miaka yote ya muhula wako. Usimweke kwenye mtihani huo.

Saini hufa kwa mambo madogo. Aliyesaini anaishi nje ya mpaka wa wilaya. Ameandika sanduku la posta badala ya anwani ya makazi. Mume amesaini kwa niaba ya mke. Hilo la mpaka ndilo baya zaidi, kwa sababu mipaka ya wilaya za shule haifuati mipaka ya mji wala anwani ya posta. Nyumba mbili zinazotazamana barabarani zinaweza kuwa wilaya mbili tofauti. Kabla ya kumpa mtu kalamu, muulize bili yake ya kodi ya shule inakwenda wilaya ipi. Mpangaji asiyepata bili, angalia watoto wa mtaa huo wanapanda basi la wilaya gani.

Kama unatakiwa kuwa na 37, peleka 60. Na peleka wiki moja kabla, ili zikipungua uwe na muda wa kurudi mitaani.

Dada_Mohawk:

Asante sana mkuu. Niongeze jambo linalowagusa wanaotetea kiti hasa. Kuna wilaya ambazo viti vyote vinagombewa kwa pamoja, na kuna ambazo kila kiti kinagombewa peke yake. Kwenye zile za kiti kimojakimoja, fomu lazima itaje kiti unachogombea: urefu wa muhula na jina la anayekishikilia sasa. Mjumbe aliyeingia katikati kumalizia muhula wa mtu aliyejiuzulu asome tangazo la uchaguzi kwa makini, asijaze kwa mazoea.

Kwenye zile za viti vya pamoja, hesabu ni nyingine kabisa. Tuseme viti ni 3, wagombea ni 5. Kila mpiga kura anaruhusiwa kuchagua hadi watatu, lakini halazimiki. Wafuasi wa mgombea mmoja wakiamua kumchagua yeye peke yake na kuacha nafasi mbili wazi, wanamwongezea nguvu bila kumpa kura mshindani wake. Mjumbe aliyezoeleka hupata kura nyingi za "na huyu pia", na kwa kugombea pamoja na rafiki zake wa bodi anaweza kugawana nao kura bila kujua. Ongea na watu wako mapema kuhusu jambo hili, ni halali kabisa.

Mpangilio wa majina kwenye karatasi ya kura unapatikana kwa bahati nasibu anayoiendesha karani, siku inayofuata baada ya mwisho wa kupokea fomu. Nenda ushuhudie au mtume mtu.

HesabuZaKodi:

Mimi nataka kuingia kwenye bajeti, kwa sababu hapo ndipo mjumbe anayetetea kiti anashinda au anaanguka. Mpinzani atasema "kodi imepanda na wewe ulikuwepo". Ukijibu kwa maneno matamu umekwisha. Jibu kwa tarakimu.

Tangu sheria ya 2011, wilaya ina ukomo wa ongezeko la kodi inayokusanya: asilimia 2 au mfumuko wa bei, ile iliyo ndogo. Lakini hiyo ni mwanzo wa hesabu, si mwisho. Kuna kipengele cha ukuaji wa thamani ya majengo mapya, na kuna vitu vinavyotolewa nje ya ukomo, kwa mfano sehemu ya wilaya katika gharama za majengo na sehemu ya ongezeko la michango ya pensheni inapozidi kiwango fulani. Ndiyo maana wilaya inaweza kutangaza asilimia 2.9 na bado ikawa ndani ya ukomo wake. Mwananchi aliyesikia "asilimia 2" redioni ataona ameibiwa usipomweleza.

Jambo la pili: ukomo ni wa jumla ya kodi inayokusanywa na wilaya, si wa bili ya nyumba moja. Wilaya ikikusanya dola milioni 20 na kuongeza asilimia 2, ongezeko ni dola 400,000. Hizo zinagawanywa kwa nyumba zote kulingana na thamani iliyokadiriwa. Kama wilaya imeingia kwenye miji mitatu na mmoja haujakadiria upya nyumba zake miaka mingi, kiwango cha ulinganishi (uwiano kati ya thamani iliyokadiriwa na mji na bei ya soko) kinabadilika, na bili za mji mmoja zinapanda asilimia 5 wakati za jirani zinashuka. Bodi haikadirii nyumba ya mtu yeyote. Mkadiriaji ni wa mji. Mjumbe anayelijua hili anaweza kusimama mbele ya mzee mwenye hasira na kumwonyesha mstari kwa mstari kwenye bili yake.

Bajeti ikiwa ndani ya ukomo inapita kwa kura nyingi za kawaida. Ikivuka ukomo inahitaji asilimia 60. Ikianguka, bodi inaweza kuirudisha Jumanne ya tatu ya Juni (2026: tarehe 16 Juni), ikiwa ileile au imepunguzwa, au inaweza kwenda moja kwa moja kwenye bajeti ya dharura. Ikianguka mara ya pili, dharura haikwepeki: kodi haiongezwi hata senti juu ya mwaka uliopita, ununuzi wa vifaa visivyo vya lazima unasimama, na vikundi vya jamii vinavyotumia majengo ya shule lazima vilipie gharama. Timu ya mpira ya watoto wetu inayofanya mazoezi ukumbini Jumamosi italiona hilo mara moja.

Mlezi_Darasa4:

@HesabuZaKodi hapo kwenye akiba je? Kila mkutano kuna mtu anasema wilaya imeficha mamilioni.

HesabuZaKodi:

Swali zuri, na mjumbe asiyelijibu anaonekana anaficha. Akiba isiyopangiwa kazi haitakiwi kuzidi asilimia 4 ya bajeti ya mwaka unaofuata. Bajeti ikiwa dola milioni 50, hiyo ni milioni 2. Zipo pia akiba za makusudi maalumu, mfano pensheni, fidia za wafanyakazi, ujenzi. Hizo zina sheria zake na huwezi kuzichota kulipia walimu wa muziki. Mjumbe aje mkutanoni na ukurasa mmoja: akiba ipi, kiasi gani, imewekwa kwa ajili gani, na mara ya mwisho ilitumika lini. Ripoti ya ukaguzi wa nje ya kila mwaka inayo yote hayo.

Na ajue tarehe. Mkutano wa wazi wa bajeti unafanyika kati ya siku 7 na 14 kabla ya kura, kwa hiyo 2026 ni kati ya tarehe 5 na 12 Mei. Bajeti yenyewe imegawanywa sehemu tatu: utawala, mafunzo na mtaji. Watu wanauliza kwanza sehemu ya utawala. Ijue kwa moyo.

WakiliWaJioni:

Naona wote mmegusa namna ya kushinda. Naomba niseme yale yanayomuumiza mjumbe aliyepo, maana yeye ndiye anayeshikilia mali ya umma.

Mwaka 1986 Mahakama ya Rufaa ya New York, katika kesi ya Phillips dhidi ya Maurer, ilisema wilaya inaweza kueleza bajeti kwa wananchi, lakini haiwezi kutumia fedha za umma kuwashawishi wapige kura ya ndiyo. Kwa mjumbe anayetetea kiti mpaka ni huohuo. Barua pepe ya wilaya, mashine ya kunakili ya shule, orodha ya simu za wazazi aliyoipata kwa kazi ya bodi, mkoba wa mtoto unaobeba vipeperushi kwenda nyumbani: vyote hivyo haviruhusiwi kwa kampeni. Jarida la wilaya lenye picha yake kubwa na sifa zake wiki mbili kabla ya uchaguzi ni kukaribisha shauri. Malalamiko yanapelekwa kwa Kamishna wa Elimu wa jimbo ndani ya siku 30, chini ya kifungu cha 310 cha Sheria ya Elimu, na mwananchi wa kawaida anaweza kuyafungua bila wakili.

PTA (chama cha wazazi na walimu) na makanisa yenye msamaha wa kodi hayaruhusiwi kumuunga mkono mgombea. Yanaweza kuandaa mdahalo na kuwaalika wagombea wote kwa masharti sawa. Mwenyekiti wa PTA akitaka kukusaidia, afanye kama mtu binafsi, bila nembo wala kundi la WhatsApp la chama.

Mitandao nayo. Machi 2024 Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi wa Lindke dhidi ya Freed, pamoja na kesi dada iliyohusu wajumbe wawili wa bodi ya shule ya Poway, California, waliowafungia wazazi kwenye kurasa zao. Kipimo kilichowekwa: je, mhusika ana mamlaka halisi ya kuzungumza kwa niaba ya serikali, na je, alikuwa anayatumia alipochapisha? Somo la vitendo ni kuwa na kurasa mbili. Ukurasa wa kampeni uandikwe wazi kwamba ni wa kampeni, usitangaze humo mambo rasmi ya bodi. Na kwenye ule wa kazi, usimfungie mzazi kwa sababu amekukosoa.

Kuhusu kikao cha faragha: kilichosemwa ndani kinabaki ndani. Kamishna aliamua mwaka 2005 kwamba kutoa siri za kikao hicho ni kosa linaloweza kumwondoa mjumbe. Wakati wa kampeni kishawishi ni kikubwa, hasa pale mpinzani anapokusingizia ulipiga kura fulani kuhusu mkuu wa shule. Jibu pekee salama ni "suala la mtumishi, siwezi kulizungumza".

Dada_Mohawk:

Hapo kwa mkuu wa shule nasisitiza. Wazazi wetu wengi wanakuja na ombi: "Umekaa bodini miaka mitatu, mbona yule mwalimu bado yupo?" Mjumbe mmojammoja hana mamlaka zaidi ya mkazi mwingine yeyote. Mamlaka ni ya bodi ikiwa imekaa kikao halali na kupiga kura. Hawezi kuingia darasani kukagua bila ruhusa ya bodi, hawezi kufungua faili la mtumishi kwa mkono wake, hawezi kumwamuru dereva wa basi abadilishe kituo. Anayeahidi hayo kwenye kampeni anaahidi asichonacho, na muhula wa pili utamshinda kwa sababu hiyo.

Anachoweza kuahidi: kuuliza maswali hadharani, kudai sera iandikwe, kupigia kura fedha za walimu wa Kiingereza kwa wanafunzi wageni, kudai tafsiri za barua za shule kwa Kiswahili pale watoto wanapofika wengi. Hayo yana kumbukumbu kwenye mihtasari ya vikao. Apekue mihtasari ya muhula wake wote, atoe kura zake tano au sita, azichapishe na tarehe. Kipeperushi cha namna hiyo kinawashinda wanaoandika "napenda watoto".

Mlezi_Darasa4:

Na mzazi mwenye mke mwalimu wilayani humo anaruhusiwa?

WakiliWaJioni:

Anaruhusiwa. Yeye mwenyewe ndiye hatakiwi kuwa mwajiriwa. Ila ndugu wa damu au wa ndoa wa mjumbe akitaka kuajiriwa kuwa mwalimu, inahitaji theluthi mbili ya bodi ikubali. Na shauri la kusimamishwa masomo mtoto wake likifika bodini kwa rufaa, ajitoe kwenye kura na atoke chumbani. Kutoka chumbani kunaonekana na kunaandikwa.

Karani_wa_Zamani:

Fedha za kampeni hamjazigusa. Kikomo cha kukumbuka ni dola 500. Matumizi yakiwa 500 au chini, na michango aliyopokea nayo haizidi 500, mgombea anawasilisha kwa karani wa wilaya tamko la kiapo kusema hivyo. Yakizidi, anawasilisha taarifa kamili kwa karani na kwa Kamishna wa Elimu pia: ya kwanza angalau siku 30 kabla ya uchaguzi, ya pili siku ya tano kabla (2026: Alhamisi tarehe 14 Mei), ya mwisho ndani ya siku 20 baada (tarehe 8 Juni). Wengi wanasahau ile ya mwisho kwa sababu uchaguzi umekwisha na wamechoka.

Mabango ya uani yanakula hizo 500 haraka sana. Weka risiti kwenye bahasha moja tangu bango la kwanza. Usibandike kwenye nguzo za umeme, na usiweke kwenye uwanja wa shule.

Siku ya kura, hakuna kampeni ndani ya futi 100 za mlango wa kituo. Fulana yenye jina lako ni kampeni. Kura za posta lazima ziwe mkononi mwa karani ifikapo saa 11 jioni siku ya uchaguzi. Muhuri wa posta wa jana yake hausaidii. Maombi ya kutumiwa karatasi kwa posta yanatakiwa yamfikie siku 7 kabla. Mpiga kura mwenye kazi ya zamu kiwandani au hospitalini mkumbushe Aprili, Mei umechelewa.

MzaziKaskazini:

Sasa suala nyeti la jamii yetu. Kupiga kura ni kwa raia tu, aliyetimiza miaka 18, aliyekaa wilayani siku 30. Mwenye kadi ya kijani haruhusiwi, hata kama analipa kodi ya nyumba na ana watoto wanne shuleni. Asidanganywe na mtu yeyote ajiandikishe. Kudai uraia usio nao ili upige kura kunaweza kukufukuzisha nchini na kukufungia njia ya uraia maisha yako yote. Mgombea anayewapenda watu wake awaambie hili waziwazi mlangoni, kabla hajaomba kura wala saini, kwa sababu hata fomu ya uteuzi inasainiwa na wapiga kura halali pekee.

Lakini asiye raia anaweza kugawa vipeperushi kwa kujitolea, kutafsiri, kupika chakula cha wanaojitolea, na kusimama kwenye kipaza sauti cha mkutano wa bodi kama mkazi mwingine yeyote. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuchangia fedha. Mgeni asiye na ukaazi wa kudumu haruhusiwi kuchangia hata dola moja.

Raia asiyesoma Kiingereza vizuri ana haki chini ya sheria ya shirikisho kuingia na msaidizi anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi asome na kutafsiri, asielekeze. Ni bora awe kijana wa familia, asiwe mtu wa timu ya kampeni, ili maneno yasizuke.

Dada_Mohawk:

Na akishindwa?

Karani_wa_Zamani:

Anaendelea kuwa mjumbe kamili hadi tarehe 30 Juni. Anahudhuria, anapiga kura, anatunza siri. Baada ya hapo anarudisha kompyuta na funguo za wilaya.

Akishinda, kuna jambo moja ambalo waliorudi ndio hasa hulisahau. Muhula mpya unahitaji kiapo kipya. Kile cha miaka mitatu iliyopita kimekwisha na muhula wake. Kinatakiwa kiapwe na karatasi yake iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu muhula uanze tarehe 1 Julai. Ukiwa safarini Julai yote na hukuapa, kiti kinahesabika kiko wazi, hata kama ulishinda kwa kishindo. Mafunzo ya saa 6 ya usimamizi wa fedha huyarudii kama uliyamaliza muhula wa kwanza, lakini hakikisha cheti kipo kwenye faili. Mkutano wa kupanga mwaka unafanyika mwanzoni mwa Julai na kiapo hutolewa hapo. Kama hutakuwepo, panga na karani mapema uape ofisini kwake.